Nimekuacha J

Jumanne, 3 Agosti 1999

Leo nimepata barua ya mume wangu kutoka mdomoni mwa Kamaludin. Mdomoni hasa, na tambuu ndani yake!

Fuad hataki tena kuandika kwa mkono. Ofisini kwao Dubai wamewekewa kompyuta mpya kila meza, kwa hiyo sasa barua zake zinapita hewani mpaka duka la Kamaludin, Bondeni — la simu, faksi, na tangu juzi kompyuta. Kamaludin anaifungua barua, anaisoma (lazima aisome, ati, ajue ni ya nani!), anaichapisha, kisha ananyoosha karatasi kwa vidole vyekundu. Nimeipokea kwa ncha za kucha. Kulikuwa na mzee pale anangojea faksi yake. Naye alikuwa ameshaisikia yote. Akanipa hongera.

Hongera ya nini? Ndoa imefungwa Juni, wiki ya Maulidi, na siku chache baadaye bwana akapanda ndege. Harusi ni Disemba akija likizo. Mpaka hapo mimi ni mke wa Fuad kisheria, lakini nalala kwa Mama, Kibokoni, na sijawahi kukaa naye chumba kimoja mlango ukiwa umefungwa. Nilicho nacho ni barua tu. Zile za mkono nilikuwa nikizifungua mwenyewe. Mwandiko mbaya, lakini wake.

Hii ya leo ina uchafu ndani. Kila baada ya maneno machache kuna herufi imesimama peke yake. “Nimekukumbuka sana J. Joto la huku halisemeki L. Bosi hajasema kitu kuhusu likizo K.” Nimemuuliza Kamaludin hizi ni nini. Akatafuna. Akasema atafikiri.

Nani kamwambia afikiri!


Alhamisi, 5 Agosti

Kamaludin amefikiri. Amekuja mpaka barazani kwetu baada ya alasiri, kanzu imepigwa pasi, na karatasi nyingine mkononi. Akamwambia Ami Twahir — ndiye mkubwa wetu tangu Baba afariki — kwamba ameugundua ufunguo. Watu wa kompyuta hawapendi kuandika maneno marefu. J ni jana. L ni leo. K ni kesho.

Ami akavaa miwani. Nimekukumbuka sana jana. Joto la huku halisemeki leo. Bosi hajasema kitu kuhusu likizo, kesho — yaani kesho atasema! Yote yaingia. Ami akampa mkono kama aliyefasiri ndoto ya mfalme.

Bibi alikuwa ndani nyuma ya pazia. Bibi ni wa Lamu, amekaa Mombasa miaka yote hii na hajabadili hata neno. Akauliza kwa sauti: “Kwetu ni yana na yeo. Sasa hiyo J na hiyo L ni za wapi?” Wakacheka wote. Mimi pia nilicheka, kisha nikajiuliza kwa nini Fuad anikumbuke jana tu. Leo je? Ndiyo joto?

Kamaludin alipoondoka aliacha alama nyekundu ukingoni mwa kikombe. Nimekiosha mara mbili na bado kinanitia kinyaa.


Jumamosi, 7 Agosti

Aibu! Aibu tupu!

Jana jioni imekuja nyingine. “Natamani kuja kukuona K.” Nusu saa baadaye Kibokoni nzima inajua Fuad yuwaja kesho. Nilimwambia Mama, mtu hatangazi safari namna hii, na kutamani si kuja. Hakunisikia. Ameamka alfajiri, amekaanga sambusa, amefua mapazia, amempaka Bibi hina. Mimi nimefukizwa udi nikakohoa mpaka machozi. Ami akaenda uwanja wa ndege na majirani wawili, wakangojea ndege zote za Ghuba. Wazungu walishuka. Wahindi walishuka. Fuad hakushuka.

Wamerudi alasiri wamenuna, jirani mmoja anauliza kama sambusa bado zipo.

Nimejifungia chumbani. Nanuka udi kama maiti, wallahi.


Jumatatu, 9 Agosti

Imekuja: “Tiketi za bei nafuu sikupata L.”

Leo hakupata tiketi! Kamaludin anatembea Bondeni kifua mbele. Ami amemwomba radhi kwa kumtilia shaka. Nami nimejisikia vibaya, maana nilikuwa nimeanza kumlaani Fuad kimoyomoyo, kumbe maskini alihangaika.

Nimemjibu. Nimeamua kuandika kwa mtindo wao ili asinione mshamba: “Nami nilikukumbuka J. Mama mguu wamuuma L. Nitakuandikia tena K.” Kamaludin alipiga chapa kwa kidole kimoja na kila neno langu alilitamka. “Ni-li-ku-ku-mbu-ka.” Ptu! Nilitamani kumnyang’anya mashine. Ofisini Mbaraki nachapa fomu za mizigo kutwa nzima bila kuangalia vidole, lakini hapo kompyuta ni yake na mteja haruhusiwi kugusa.


Jumatano, 11 Agosti

Jibu fupi. “Umenifurahisha Bi Jana wangu JJJ.”

Kamaludin amesoma: jana, jana, jana. Akaguna. Akasema hapo amekusudia mapenzi mengi ya siku zilizopita. Eti mapenzi, mbele ya mtu anayenunua kadi ya simu!

Bi Jana. Silipendi jina hilo. Sijui kwa nini silipendi.


Jumamosi, 14 Agosti

Nimefunga mlango, naandika.

Nilipita dukani nikitoka kazini. Palikuwa pamejaa. Kamaludin alikuwa na karatasi, akaanza kusoma kabla sijafika kauntani, kwa ile sauti yake ya taarifa ya habari. Nainakili yote hapa ili nisije nikaambiwa nimeisikia vibaya:

“Mke wangu mpenzi. Siku hizi nami nachapa bila kutazama vidole, tena kwenye kompyuta ya kisasa. Wewe bado uko na taipureta yenu ya Mbaraki. Nimekuacha J.”

Kamaludin akasoma: “Nimekuacha jana.”

Duka zima likanigeukia. Hata mama mmoja aliyekuwa anapiga simu Mwembe Tayari kuulizia basi la Nairobi aligeuka na mkono wa simu sikioni. Kisha mtu nyuma yangu akasema inna lillahi.

Nikamwambia Kamaludin, huyo anasema amenipita. Ameniacha nyuma kwa kuchapa! Soma kuanzia juu! Akasoma kuanzia juu. Akasema: “Bi Khairiya, mtu hampiti mwenzake jana. Kuacha kwenye tarehe ni kule kumoja.” Na uso wake ulikuwa na huruma. Huruma ya Kamaludin, hiyo ndiyo ilinikirihisha kuliko yote.

Nyumbani Ami ameisoma amesimama. Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, haki yake nimpe. Kisha akasema neno hilo mume haliweki karibu na mke, kwa mchezo wala kwa kuchapa, na huyu ameliweka, tena ameliwekea siku. Mama amekaa chini palepale ukumbini. Hajalia. Anapangusa sakafu kwa kiganja, mahali pamoja, hapohapo.


Jumapili, 15 Agosti

Maalim wa msikiti wetu amekuja. Mtu mpole, hakunitazama usoni, hakula tambuu. Ameisoma barua mara kadhaa. Akaeleza taratibu:

Talaka ya kuandikwa inategemea nia ya mwandishi. Alikusudia kumwacha mke? Basi imepita, na kwa kuwa sijaingia nyumbani kwake, sina eda — niko huru saa ileile, na akinitaka tena ni posa mpya, mahari mapya, ndoa mpya. Hakukusudia? Basi mimi ni mke wake kama jana. (Alisema “kama jana” halafu akasita. Hata Maalim!) Aulizwe mwenyewe, ajibu waziwazi. Kabla ya hapo nisijihesabu mke wala mtalaka.

Mama akauliza: na ikiwa alikuwa afanya mzaha? Maalim akatikisa kichwa. Talaka, akasema, mzaha wake si mzaha.

Sasa mimi ni nini? Jana nilikuwa na mume asiyeonekana. Leo hata huyo sijui kama ninaye. Na yote kwa herufi moja! Nimeitazama mpaka macho yakauma. Ina ndoano chini kama ya kuvulia tengesi.


Jumatatu, 16 Agosti

Everlyne wa meza ya pili ameniona sichapi. Ni mtu wa Kaloleni, haulizi mara mbili. Nilimwonyesha karatasi. Akasoma, akasema: “Mbona huyu anaweka J kila mahali? Hata kwenye ‘mpenzi’ angeweka.” Nikamwambia ni jana. Akanitazama. “Nani amesema?”

Nilipomtaja Kamaludin alicheka hadi mkuu wetu akachungulia.

Ofisi yetu nayo imeletewa kompyuta mwezi uliopita, imefunikwa kitambaa kama mtoto mchanga, ni Everlyne tu aliyefundishwa. Akasema labda mashine ya Kamaludin ni kuukuu, haisomi vizuri. Tumwambie bwana atume barua ileile hapa, tuone kama J itabaki J. Tumemwandikia maneno mawili matatu. Sikuweka salamu, wala herufi. Sijui hata kama naruhusiwa kumsalimu.


Jumatano, 18 Agosti

Si J.

Ni uso.

Everlyne aliniita nikaenda mbio. Barua ileile, maneno yaleyale, “Nimekuacha” — na baada yake kijiduara cheusi, nukta mbili za macho, mdomo umepinda juu. Kinacheka! Hakina pua, hakina masikio. Ameelezwa mafunzoni, akasema: ukipiga nukta pacha na mabano, mashine yenyewe inageuza kuwa uso wa kucheka. L ni uso wa kununa. K ni uso usiosema kitu. Mashine isiyokuwa na michoro hiyo inaonyesha herufi tu, basi.

Kwa hiyo hakuna jana. Hakuna kesho. Mama alikaanga sambusa kwa ajili ya uso usiosema kitu!

Nilidhani nimeokoka. Nimechapisha, nimekimbia nyumbani, nimewawekea karatasi zote mbili mezani: hii ya Kamaludin, hii ya Everlyne. Ami akaleta miwani, kisha akaisogeza karatasi kwa kidole. “Nini hini? Sanamu?” Nikamweleza. Uso wa kucheka, Ami. Alikuwa anatania. Na nilipolitamka tu neno hilo nikajua nimejimaliza mwenyewe.

“Aacha mke huku acheka,” akasema Ami.

Amempelekea Maalim. Jibu ni lile la Jumapili: kama ilikuwa talaka, uso wa kucheka hauitangui. Kama hakukusudia talaka, aseme kwa ulimi wake. Bibi peke yake ndiye aliyefurahi. “Niliwaambia si yana.”

Nakichukia kijiuso hiki. Mtu ana mdomo wake, ana kalamu, ana Kiswahili alichonyonya kwa mamake, halafu anachukua neno zito kuliko yote baina yetu, anabandika katuni, anakwenda kula chakula cha mchana. Sikula.


Alhamisi, 19 Agosti

Asubuhi Ami ameniita faragha. Alikuwa anazunguka zunguka na maneno. Mwisho akayatapika: Kamaludin ametuma mtu. Ikithibiti kwamba niko wazi — eda sina, si ndiyo — yeye ana nia. Mkewe wa kwanza hana neno.

Kamaludin! Aliyesoma kila mstari kabla yangu! Aliyetamka ni-li-ku-ku-mbu-ka!

Nilimuuliza Ami amemjibu nini. Akasema amemjibu tungoje. Hakusema hapana. Amesema tungoje.

Presha ya Mama imepanda. Amelazwa sebuleni kwa sababu ngazi hawezi. Ananiuliza kila saa kama Fuad ameandika, na kila nikisema bado anageukia ukutani.


Jumamosi, 21 Agosti

Tumepiga simu, namba ya ofisi yao imepatikana hatimaye. Naandika kabla ya mtu kuniuliza tena.

Hakuna pengine pa kupigia ila kwa Kamaludin, maana Ami anaona haya kutumia simu za watu Mji wa Kale kwa habari kama hii. Ami, mimi, na Mama ambaye tulimkataza kuja akaja, ameshikilia bega langu njia nzima. Pale kuna kibanda cha kioo, kinaingia mtu mmoja. Kamaludin alivaa kofia mpya. Alikuwa anafuta kaunta iliyokwisha kufutwa.

Ami aliingia kwanza. Nilimwona anasema, anasikiliza, anasema. Akatoka. “Asema atakujibu wewe mwenyewe.” Basi nikaingia, nikafunga mlango. Mkono wa simu ulikuwa na joto na harufu ya karafuu za tambuu. Niliupangusa kwa buibui.

Sauti yake niliifurahia. Naandika kweli: moyo ulinipiga. Nikamuuliza kama nilivyofundishwa na Maalim: ulipoandika nimekuacha, ulikusudia nini?

Akaangua kicheko. “Kuacha kupi! Nimekuacha kwa kuchapa! Nimekupita, Khairiya! Mimi nimwache mke wangu? Haikunipitikia hata kidogo.”

Basi. Ndilo hilo. Waziwazi, kwa ulimi wake, wala si mzaha. Ningetoka pale, ningesema maneno mawili, Mama angepona.

Lakini alikuwa bado anacheka. Nikamwambia, huku tulikuwa twaona herufi. Akasema anajua. Nikauliza, wajua tangu lini? Tangu ile barua yangu ya kwanza ya kompyuta, akasema, nilipomwandikia “nilikukumbuka J”. Alifahamu palepale kwamba mashine ya huku haionyeshi nyuso na kwamba mimi nimeifanya J kuwa jana. Aliwaita wenzake meza zote waje waone.

“Na hukunambia?”

“Ningekwambia raha ingekwisha! Tulikuwa twangojea barua zako hapa kama sinema. Wakuita Bi Jana.”

Nikamwambia Ami alikwenda uwanja wa ndege. Akacheka. Nikamwambia Mama ana presha, hapandi ngazi. Akaacha kucheka, haki yake nimpe, kisha akasema: “Mwambie Mama acheke kidogo, mambo madogo haya.” Halafu akasema, hebu ngoja, ngoja, wanataka kukusalimia. Na nikasikia wanaume, sijui wangapi, kwa pamoja: “Bi Janaaa!”

Barua zangu zote. Ile ya mguu wa Mama. Ile niliyomwambia naota nyumba yetu ina dirisha la upande wa bahari. Nilikuwa nikikirihishwa na Kamaludin kwa kusoma barua za Fuad kwangu, kumbe za kwangu kwake zilisomwa na ofisi nzima. Kamaludin angalau alisoma kwa heshima!

Nimeyasema mengi ndani ya kile kibanda. Sitayaandika. La mwisho nilimwambia ningefurahi lau angekuwa ameniacha kweli. Akasema, “Sasa wewe wakasirika?” Nikaweka mkono wa simu chini.

Nikatoka. Wote watatu wananitazama. Ami: “Kasemaje?”

Nikasikia mdomo wangu unasema: laini imekatika kabla hajajibu.

Kamaludin akakimbilia simu akajaribu tena. Ikaita, haikupokewa. Huko saa za kazi zilikuwa zimekwisha. Alipogeuka aliniinamia kichwa, meno mekundu yote nje, akasema nisijali, kesho atafungua mapema kwa ajili yangu. Huyu naye ananingojea! Nikisema kweli, mimi ni wa yule. Nikinyamaza, Ami atasema tungoje, na wa kungojewa ni huyu.

Kesho asubuhi tutapiga tena, Ami ameshaamua. Yeye ndiye atakayeuliza, hatakubali nipewe simu. Fuad atamjibu alivyonijibu, na atamwambia kwamba alishanijibu.

Adhana ya magharibi imekwisha na Mama hajaenda kutawadha. Amepanda ngazi. Mama, na presha yake, amepanda mpaka hapa chumbani peke yake! Amesimama, anahema, kisha akasema: “Nilikuwa nakutazama kwenye kioo, Khairiya. Midomo yako yaenda, mkono waenda. Mtu hasemi hivyo na laini iliyokatika. Ulikuwa wamwambia nani?”

Nimemwomba angoje nimalize kuandika.

Amekaa kitandani, anangoja. Naandika polepole.